Kaza Dakika Tano, Legeza Dakika Tano

"Umemusaini kaka yangu kama kuku ya kupimia dawa," Aboubacar alikuwa anafoka katikati ya koridoo ya kliniki, "na kalamu bado unaishika mukononi, hata haya hauna."

"Haya ningetoa wapi, shemeji? Nilikupigia simu mara saba. Mara saba. Ulikuwa ku duka unapima vitenge."

"Nilikuwa na client."

"Basi mi nilikuwa na mugonjwa."

Kudra alijibu hivyo bila kuinuka. Alikuwa amekalia furushi lake pale chini, beseni na blanketi na thermos, vyote vimefungwa pamoja na ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tairi ya ndani ya baiskeli, ule ule ambao watu hufungia magunia ya makaa. Aboubacar alikuwa amesimama juu yake na shati lake la pasi, funguo za duka lake la mtaa wa Asiatique zinalia kidoleni. Watu wa kwenye benchi walikuwa wameshaacha kujifanya hawasikii. Mwanamke mmoja alihamisha mtoto kwenye goti la pili ili aone vizuri.

Chabani, mume wa Kudra, alianguka saa mbili asubuhi akisukuma Carina ya mteja kwenye foleni ya essence, mafuta ya gari. Alisema kifua kinambana, akakaa kwenye ukingo wa barabara, akalala. Watu wa foleni walimsaidia, ndiyo, lakini kwanza walisogeza ile gari ili wasipoteze nafasi. Karimu, mwanawe, ndiye aliyemleta, na sasa alikuwa amesimama kati ya mama na baba mdogo, mikono bado ina grisi, hajui amnyamazishe nani.

Mlango ulifunguka, akatoka Dokta Léonce, kijana mwembamba ambaye macho yake yalionyesha hajalala tangu juzi.

"Baba, mama, humu ndani kuna watu wanakufa. Wapeni nafasi wafe kimya."

Aboubacar alirudi nyuma hatua moja.

"Mzee wenu ni mekanisiye, siyo?" dokta alimuuliza Karimu.

"Ndiyo, dokta. Tuko na garage Buyenzi."

"Moteri ikichemka mpaka maji yakaisha, unafanya nini? Unamwaga maji baridi palepale?"

"Apana. Bloku inapasuka."

"Voilà. Moyo wake umekaa masaa bila damu. Donge limeziba mshipa. Dawa ya kuyeyusha lile donge imeanza kuingia sasa hivi. Lakini damu ikirudi kwa nguvu kwenye moyo uliokauka, ile kurudi kwenyewe inaumiza. Hakuna dawa ya kuzuia hiyo. Ila kuna kitu tunajaribu."

"Wanajaribu," Aboubacar aliwaambia watu wa benchi. "Mumesikia?"

"Tunabana mkono kwa mashini. Dakika tano damu haipiti, dakika tano tunaiachia. Mara nne. Mkono ukikosa damu kidogo kidogo, tunafikiri mwili unajifunza, na moyo unapata kujikinga."

"Munafikiri."

"Tunafikiri, baba. Tungekuwa tunajua isingeitwa utafiti. Tena niwaambie yote nilivyomwambia mama. Kuna bahasha. Nusu ya wagonjwa wanabanwa kweli. Nusu wanawekewa mashini ile ile, inalia vile vile, lakini inabana kidogo tu, damu inapita. Nani kapata nini, hata mimi sijui. Mzee mwenyewe nilimuuliza, akakubali kwa kichwa."

"Tombola," Aboubacar alisema. "Kaka yangu anakufa, munamuchezesha tombola."

"Aliye ndani ya utafiti anapata dawa za moyo bure mwaka mzima. Na vipimo."

Funguo ziliacha kulia.

"Mwaka muzima?"

"Mwaka mzima."

"Sasa si mungesema hivyo toka mwanzo," Aboubacar alisema, akasogeza furushi la shemeji yake kwa ncha ya kiatu, apate pa kusimama kivulini.

*

Mle ndani vitanda vilikuwa sita na ndugu anayeruhusiwa ni mmoja kwa mgonjwa. Kudra alisema aingie mwanawe, akamtwika Karimu furushi, akamsukuma.

Chabani alikuwa amelala chali, kanyago ka hewa kamefunika mdomo, serumu kwenye mkono wa kushoto, na kwenye ule wa kulia, juu ya kiwiko, kitambaa cha mashini. Muforoma, nesi, aliyekuwa zamu ni dada mmoja wa Carama, Danielle, mnene kidogo, mwenye kucheka na kila mgonjwa kama wamezaliwa nyumba moja. Alibonyeza kitufe. Mashini ikalia, kitambaa kikavimba.

"Mzee Chabani, hii itakushika kama bibi mwenye wivu. Dakika tano tu, anakuachia."

Akaenda kitanda kingine.

Karimu aliweka kidole gumba juu ya kile kitambaa. Hakuwa na nia yoyote, mkono ulikwenda wenyewe. Kule garage kwao kipimo cha presyo kiliharibika yeye akiwa bado shule, na hakuna aliyenunua kingine, kwa sababu Chabani alikuwa anapima tairi kwa gumba, na alimfundisha mwanawe hivyo hivyo, macho yamefungwa, akikosea anapigwa kofi la kisogo. Wateja walikuwa wanabisha, wanakwenda kupima stesheni ya mafuta, wanarudi kulipa Fanta. Kwa hiyo gumba la Karimu liligusa kile kitambaa na likajua palepale. Hakukuwa na kitu mle. Vidole viwili vilipita chini yake bila taabu.

Akatazama kitanda cha mbele. Bibi mmoja alikuwa na mashini kama ile ile, anaguna, anauma shuka, na kiganja chake kimepauka kama cha mtu aliyefua mchana kutwa. Akarudi kutazama kiganja cha baba yake. Kilikuwa cha moto, kimetulia, grisi kwenye mistari, kucha na rangi yake ya siku zote.

Alimfuata Danielle.

"Dada, ile mashini ya mzee haikazi."

"Inakaza vile imepangwa."

"Mi najua presyo, dada. Ile haina kitu. Mupatie ile ingine."

"We mutoto, mi bahasha sikuifungua. Nikigusa kitu, nitafukuzwa kazi kesho. Kaa naye, mushike mukono, muongeleshe. Hiyo nayo ni dawa."

Akaitwa na mtu wa kitanda cha mwisho, akaenda.

Chabani alikuwa amefungua macho. Alisogeza kale kanyago kwa kidevu.

"Imekaza?"

"Apana, baba."

"Nilisikia." Alipumua. "Kaza."

"Wamekataza kugusa mashini."

"Nani anakuambia mashini. Kaza. We uko fundi ao uko mugeni hapa?"

Karimu aligeuka nyuma, akatazama mbele. Akafungua furushi la mama yake. Ule ukanda wa mpira ulitoka na mlio ambao alidhani chumba kizima kimeusikia, lakini kila mtu alikuwa na mgonjwa wake. Aliuzungusha chini ya kiwiko cha baba yake, chini ya shuka, mizunguko mitatu, akavuta kama anavyovuta mzigo kwenye porte-bagage ya baiskeli, akapachika ncha. Akatazama saa ya simu. Kiganja kilianza kupauka, na Karimu alisikia furaha ambayo hajaisikia tangu siku walipofufua moteri ya basi la watu wa Gasenyi. Dakika tano. Akalegeza. Damu ikarudi. Dakika tano zingine. Akakaza.

"Vizuri," Chabani alisema. Mara ya tatu alikuwa anasinzia, dawa imeanza kumchukua. Mkono ulikuwa umevimba kidogo. Karimu alifikiri ni kawaida, kitu kilichobanwa kinavimba. Hakuna aliyemwambia kwamba ile dawa ya kuyeyusha donge haichagui donge, inalegeza damu mwili mzima, na mtu mwenye dawa ile hata sindano ikimgusa tu anavuja.

Mara ya nne alikuwa ndiyo kwanza amekaza pale zamu, mlinzi wa mlangoni, alipoingia, anapiga makofi.

"Ndugu wote nje. Visiti ya madokta. Nje, nje."

"Dakika tano, mzee."

"Kila mutu ana dakika tano zake. Nje."

Dokta Léonce na wenzake walikuwa wameshaingia, na Danielle nyuma yao na madaftari. Karimu alivuta shuka juu ya mkono wa baba yake, akatoka.

Alihesabu dakika tano pale mlangoni. Zikawa kumi.

"Mzee, niingie kidogo, nilisahau kitu."

"Kitu gani?"

Angesema. Neno lilikuwa moja tu, na mlangoni alikuwepo zamu peke yake. Lakini aliona jinsi dokta atakavyogeuka, na Danielle atakavyomwangalia, na baba mdogo atakavyosema kwa watu wa benchi, na mama yake na mwaka mzima wa dawa.

"Simu yangu."

Simu yake ikalia mfukoni. Alikuwa Aboubacar, yuko nje kwenye gari, anauliza kama kuna mahali karibu wanauza maji baridi. Zamu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Simu yako imekupata, mutoto. Kaa kule."

Akakaa kule. Madokta walianzia upande wa pili. Kwenye kitanda cha nne mgonjwa aliacha kupumua, wote wakakimbilia hapo. Saa moja ikapita. Karimu alirudi mlangoni mara tatu, na kila mara alifungua mdomo, na kila mara alisema kitu kingine. Saa moja na dakika arobaini ilipotimia, zamu alisogeza kiti na kusema, "Haya, nenda ukalale na simu yako."

Chabani alikuwa amelala, anakoroma. Mashini ilikuwa imeshanyamaza muda mrefu, kitambaa chake kimelegea juu ya mkono, hakuna aliyepata nafasi ya kuja kukitoa. Karimu aliingiza mikono chini ya shuka. Mpira ulikuwa umezama kwenye nyama. Alipoutoa, mkono haukubadilika rangi. Alingoja. Aliusugua. Ulikuwa mgumu kama tairi ya lori, na wa baridi.

Akaweka ule mpira mfukoni. Danielle alikuja mbio, anaomba msamaha, anafungua kitambaa cha mashini.

"Pole, pole, nimewasahau, leo ni siku ya…" Akashika kiganja cha Chabani, akakigeuza.

"Karimu," alisema polepole, "hii ilianza lini?"

"Sijui, dada."

*

Jioni ile ile walipasua mkono kwa urefu ili damu iliyojaa ndani ipate pa kutokea. Siku ya tatu waliukata, chini kidogo ya kiwiko. Aboubacar alisaini, kwa sababu Kudra alisema yeye kalamu haishiki tena maisha yake yote.

Dokta Léonce alimkuta Karimu nyuma ya jengo, karibu na tanki la maji.

"Moyo wake unakwenda vizuri," alisema. "Nataka ujue hilo. Tumepima jana na leo. Ni moyo wa mtu wa kuishi."

"Kwa sababu ya kubanwa?"

"Kwa sababu ya ile dawa ya donge. Mulimuleta kabla haijachelewa."

"Na kubanwa?"

Dokta alijisugua macho. "Sikiliza. Ulaya walishabana watu maelfu. Waliobanwa na wasiobanwa, mwishowe ilikuwa sawasawa. Sisi hapa tunajaribu kwa sababu wagonjwa wetu si kama wa kule, wanachelewa, dawa ni tofauti. Labda hapa itasaidia. Labda hakuna kitu."

"Labda hakuna kitu," Karimu alisema.

"Lakini haikupaswa kukata mkono wa mtu. Sijawahi kuona. Danielle anasema labda alichelewa kukitoa kile kitambaa. Anasema hata yeye hajui, siku ile kichwa kilikuwa kimejaa. Wewe ulikuwa pale. Uliona kitu?"

Tanki lilikuwa linavuja. Maji yanaingia kwenye kiatu cha Karimu na hasogei.

"Nilikuwa nje," alisema. Na hiyo ilikuwa kweli.

Nyumbani mama yake alikuta ule mpira kwenye mfuko wa suruali alipotaka kufua. Ulikuwa na alama ya damu kavu. Karimu alirudi akakuta nyumba inanuka mpira ulioungua, na Kudra amepiga magoti mbele ya jiko la makaa, anapepea.

"Ulichoma nini, mama?"

"Uchafu," Kudra alisema. "Leta sufuria."

*

Wiki ya tano Aboubacar alikuja na barua.

Alikuja siku ya Ijumaa baada ya sala, akakuta wanakula. Kwenye mkeka kulikuwa na sinia moja la wali na maharage, kama kawaida ya nyumba ile tangu babu zake Chabani. Chabani alikuwa amekaa mahali pake, kanzu imejaa upande mmoja na upande mwingine imelala. Kwa miaka hamsini na nane mkono wa kulia ulikwenda kwenye sinia na wa kushoto ulikwenda chooni, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba ipo siku mtu atabaki na ule wa pili tu. Siku za kwanza aliomba kijiko. Kijiko kwenye mkono wa kushoto kilikuwa kinamwaga, maharage yanashuka kwenye kanzu. Sasa Kudra alikuwa anatengeneza tonge, anamtilia mdomoni, na Chabani anatafuna akiwa anaangalia ukuta.

"Karibu, shemeji, nawa mikono," Kudra alisema.

Aboubacar aliangalia sinia, akaangalia ile mikono miwili, wa mke na ule wa kushoto wa kaka yake, iliyokuwa karibu nalo.

"Nimeshakula. Kama kuna chai, sawa."

Kila mtu alielewa. Chabani alifunga mdomo kwenye tonge lililokuwa linakuja, na Kudra akabaki amelishika hewani, kisha akalirudisha kwenye sinia.

Barua ilikuwa imechapwa, kurasa mbili. Aboubacar aliisoma kwa sauti, Kifaransa, kisha akaieleza. Alikuwa amekwenda kwa avoka, wakili. Avoka alisema ule utafiti una assurance, yaani bima. Mgonjwa akiumizwa na mashini au na mtu wa kazi, wanalipa, tena wanalipa mkono kama mkono, na dawa zinaendelea hata mwaka ukiisha. Mgonjwa akiumizwa na ndugu yake, au na kitu kilichotoka nyumbani kwake, hawalipi hata ndururu, na anatolewa kwenye utafiti siku hiyo hiyo.

"Kwa hiyo hapa tumeandika kwamba yule mwanamuke, Danielle, alikaza ile mashini, akaondoka, akaiacha karibu masaa mawili. Na kwamba mugonjwa alilia, na yeye hakuja. Karimu anasaini, njo alikuwa pale. Kisha tunapeleka parquet na ku assurance, siku moja."

"Parquet inamutaka dada Danielle ya nini?" Karimu aliuliza. "Parquet ni ya kufunga watu."

"Assurance hawaamini mutu ambaye hakushitaki. Avoka njo alisema."

"Hakulia," Karimu alisema. "Baba alikuwa amelala."

"We ulikuwa nje, ulijuaje?"

Wakati huo mtu akapiga hodi.

"Hodi humu, nimeleta pamba."

Alikuwa Danielle. Alikuwa anakuja kila siku ya pili tangu Chabani aruhusiwe, kwa nauli yake, akitoka kazini, anabadilisha bendeji. Hakuna aliyemtuma. Mara ya kwanza Kudra alimwacha amesimama uani robo saa. Mara ya pili alimpa kigoda.

Aboubacar aliigeuza barua kwenye meza ndogo, uso chini, akaweka juu yake gilasi ya chai aliyoletewa.

"Karibu, dada," Kudra alisema.

"Asante, Mama Karimu. Mzee Chabani, leo uko na sura ya bwana arusi. Leta nione." Alipiga magoti kwenye mkeka, akafungua bendeji akiimba kitu puani. Alisafisha kile kidonda kama mtu anayeosha uso wa kichanga. Chabani alimwachia mkono, macho kwenye ukuta. "Kinakauka vizuri. Mama Karimu, nipatie gazeti, karatasi yoyote, nifunge huu uchafu." Na kabla hajajibiwa alinyoosha mkono kwenye meza, akainua gilasi.

"Siyo hiyo," Aboubacar alisema, akaweka kiganja juu ya barua. "Hiyo ni ya kazi."

"Samahani, baba."

Kudra alileta gazeti. Danielle alifunga pamba zake, akakaa kidogo, akikunja na kukunjua kona ya kitambaa chake.

"Jumatatu kuna komisyo kule kliniki," alisema. "Wananiuliza juu ya ile siku. Mi nimewaambia ukweli, kwamba nilichelewa kutoa kile kitambaa. Lakini mashini ilikuwa imeshalegea yenyewe. Nimeota mara nyingi, kila nikiota imelegea." Akamgeukia Karimu. "We uliniambia siku ile haikazi. Unakumbuka? Uliniambia, dada, ile haina kitu. Uje uwaambie hilo tu. Maneno yale yale. Niko na watoto watatu, Karimu, na bwana yangu hana kazi."

Gilasi ya Aboubacar ilikuwa imeacha duara la maji nyuma ya barua. Karimu alilitazama.

"Nitakuja," alisema.

"Mungu akubariki."

Aliwaaga wote, mmoja mmoja, hata Aboubacar. Walisikia ndala zake mpaka barabarani.

"Mutu muzuri," Kudra alisema kwa sauti ya chini.

"Muzuri, ndiyo," Aboubacar alisema, akaigeuza barua, akatoa kalamu. "Saini."

"Baba mudogo, siwezi."

"Hauwezi nini, jina lako hauliwezi?"

"Si yeye." Sauti ya Karimu ilikuwa kavu. "Niko na kitu sikuwaambia. Siku ile niliona mashini haikazi. Nikachukua mupira wa furushi, nikakaza mi mwenyewe. Nikafukuzwa nje haujalegezwa. Njo ile ilikata mukono. Ni mimi. Siyo dada Danielle, ni mimi."

Alingoja. Kwa wiki tano alikuwa ameiona hii dakika, namna mama yake atakavyoshika kichwa, namna baba mdogo atakavyomrukia shingoni. Kudra alikuwa anaokota punje za wali kwenye mkeka, moja moja, anaziweka kwenye sinia. Aboubacar alikuwa anafungua kifuniko cha kalamu.

"Umemaliza?" Aboubacar alisema.

"Munajua?"

"We unafikiri mama yako alichoma nini ku jiko? Alinipigia siku ile ile, analia. Kama haingekuwa we, avoka ningemutafutia nini? Mutu anaandika barua namna hii wakati hajui, ao wakati anajua?"

Karimu alimgeukia mama yake. Kudra hakuinua uso.

"Saini, mutoto wangu," alisema. "Dawa zimebaki za miezi kumi na moja. Baada ya hapo tutamupa nini, maji?"

"Watamufunga, mama. Ametoka hapa sasa hivi. Amemuosha baba."

"Nimeona."

Hapo Chabani alikohoa. Hakuwa ameongea na mwanawe tangu kliniki, siyo salamu, siyo nipe maji. Alitoa macho ukutani, akayaleta kwa Karimu, taratibu.

"Mi nilisema kaza."

"Ndiyo, baba."

"Sikusema uende."

"Walinifukuza, baba. Zamu alinifukuza."

"Ulikuwa na mudomo." Chabani alinyanyua kile kipande cha mkono na bendeji yake nyeupe mpya, akakiweka juu ya goti. "Ule mudomo ungesema neno moja, huu mukono ungekuwa hapa. Neno ulilikosa wakati linahitajika, leo unalipata la nini? Nani amekuomba? Mi nilishapoteza mukono. Sasa unataka nipoteze na dawa ili we usinzie vizuri?"

"Apana, baba."

"Basi wangu ulishauchukua. Nipatie wako. Saini."

Aboubacar alisogeza barua kwenye ukingo wa meza, akaonyesha mahali kwa ukucha. Karimu alishika kalamu. Aliandika jina lake lote, polepole, kama alivyofundishwa shule, na ukurasa wa kwanza pia, kwa sababu avoka alisema kila ukurasa. Kwenye ule wa pili wino ulitapakaa kwenye lile duara la maji na Aboubacar akaupulizia.

"Jumatatu usiende kule," Aboubacar alisema akikunja. "Utaniharibia."

Kudra alikuwa amerudi kwenye sinia. Alifinya tonge, akachovya kwenye maharage, akalinyanyua, na safari hii Chabani alifungua mdomo.

Karimu alivaa ndala zake. Alikuwa ameshika mlango pale baba yake alipomwita.

"Karimu."

Akageuka haraka.

Chabani alitafuna kwanza, akameza.

"Funga. Nzi zinaingia."

Karimu akatoka, akafunga mlango.